Watu wa historia ya Unguja dhidi ya mazimwi: ni nani anafaa kuchorwa katika katuni?

Wino_wa_Malindi aliuliza:

Assalaam alaykum ndugu zangu na wazee wangu.

Mimi ni mchoraji wa katuni hapa mjini Unguja, na kwa muda mrefu nimekuwa nikizifuatilia hadithi za picha za aina moja ambayo Ulaya na Marekani ina wapenzi wengi. Mwandishi huwachukua watu waliokuwepo kweli, ambao majina yao yamo katika vitabu vya historia, akawakutanisha na kuwatia katika mapambano na viumbe vya kutisha ambavyo havimo katika historia yoyote. Kwa asiyezijua nitatoa mifano miwili. Kitabu cha The Five Fists of Science, kilichotoka Marekani mwaka 2006, kinawaweka pamoja mwandishi Mark Twain, mvumbuzi Nikola Tesla na Bertha von Suttner, yule mwanamke wa Austria aliyepata Nobeli ya Amani mwaka 1905, dhidi ya matajiri na wavumbuzi wakubwa wa New York wakiongozwa na J. P. Morgan, ambao wamejiingiza katika nguvu za giza. Kinachonivutia ni kwamba chini ya ndoto hiyo kuna ukweli: Twain na Tesla walikuwa marafiki, Twain alipigwa picha ndani ya maabara ya Tesla mwaka 1894, na Morgan ndiye aliyegharimia mnara wa Tesla wa mawasiliano yasiyo na waya, kisha akakataa kuongeza fedha kazi ikiwa haijakamilika.

Mfano wa pili ni Necronauts, iliyotoka kwa mfululizo katika jarida la Uingereza la 2000 AD, ambamo Harry Houdini, bingwa wa mazingaombwe, anashirikiana na Arthur Conan Doyle. Hao nao walikuwa marafiki kweli, na mizimu ndiyo iliyowatenganisha: mwaka 1922 mke wa Doyle alidai kupokea ujumbe wa mama yake Houdini aliyekwisha kufa, na ujumbe wenyewe ukaja kwa Kiingereza, lugha ambayo mama yule hakuwa akiizungumza. Mtu akiyajua hayo, kila ukurasa ambao wawili hao wanasimama bega kwa bega dhidi ya mizimu unakuwa na uzito mwingine.

Nataka kuchora kitabu cha namna hii chenye watu wetu. Mpango wangu wa mwanzo ni kuwakutanisha Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa pembe na watumwa, Bi Salme, binti wa Sultani, kaka yake Sayyid Barghash, na mpelelezi wa bara Dk. Livingstone, wapambane na majini yaliyojificha chini ya soko la watumwa la Mkunazini, ambayo ndiyo yanayowatia watu uchu wa biashara ile. Naomba mnishauri mambo mawili. Je, watu hawa wanafaa kukaa katika hadithi moja? Na je, ipo namna ya kuwachora watu ambao wajukuu na vitukuu vyao bado tunaishi nao mitaani bila ya kuwavunjia heshima wao wala kuuvunjia heshima ukweli?

Maalim_Kiembe_Samaki alijibu:

Wa alaykum salaam, kijana wangu. Nimesomesha historia skuli hadi nikastaafu, na fikra yako nimeipokea kwa furaha kubwa, kwa sababu naona jinsi watoto wetu wanavyoyajua majina ya mashujaa wa Marekani wasiowahi kuishi, na kumpita Sidi Mubarak Bombay ambaye aliishi hapa hapa. Hata hivyo mpango wako una kasoro mbili, na ya pili ni nzito kuliko ya kwanza.

Ya kwanza ni ya miaka. Barghash alikalia kiti mwezi wa Oktoba 1870. Ukimtaka akiwa Sultani, basi wengine watatu umewakosa: Bi Salme aliondoka Unguja kwa siri mwezi wa Agosti 1866, na mwaka 1870 alikuwa Hamburg, mjane mwenye watoto wadogo, Livingstone alikuwa bara, ambako alifariki mwaka 1873, na Tippu Tip alikuwa ameshika safari ile ndefu ya bara iliyomweka mbali na pwani kwa muda wa miaka kama kumi na miwili. Mchoraji anaweza kusema kwamba hadithi ni ya kubuni na kwamba atawaweka anakotaka. Anaweza, lakini atapoteza kile kile ulichokisifu kwa Twain na Tesla. Raha ya hadithi hizi ni pale msomaji anapoambiwa jambo la ajabu, akaenda kufungua kitabu cha historia, akakuta kwamba mtu yule kweli alikuwa mahali pale mwaka ule.

Ya pili ni hayo majini yako ya Mkunazini. Ukisema kwamba majini ndiyo yaliyowatia watu uchu wa kuuza watu, umewapa wauzaji, wanunuzi na wenye mashamba udhuru ambao wao wenyewe hawakuwahi kuutaka. Biashara ile ilifanywa mchana, kwa hesabu. Forodha ilikodishwa kwa wafanyabiashara, na kila mtu aliyeshushwa chomboni alilipiwa ushuru sawa na pembe na gundi ya sandarusi. Watu walishika kalamu wakaandika. Hilo ndilo la kutisha, na halihitaji pembe wala mkia. Mchoro utakaomwonyesha karani akiandika idadi huku mama akishikilia mkono wa mwanawe utamtisha msomaji kuliko jini lolote. Basi zimwi lako, ukilileta, lisiwe chanzo cha dhambi ya mwanadamu. Litoke ndani ya dhambi hiyo, au liitwe nayo. Hata katika kitabu ulichokitaja, Morgan na wenzake ndio wanaoziendea nguvu zile kwa miguu yao, na hakuna ukurasa unaowasafisha.

Sasa nikupe badala yake. Chora mwaka 1872. Sijui mwaka mwingine wa historia yetu uliojaa kama huo. Tarehe 15 Aprili kimbunga kiliipiga Unguja, jambo ambalo wazee wa wakati ule hawakuwa wamewahi kuliona. Mikarafuu na minazi iling'olewa mashamba kwa mashamba, na merikebu za Sultani zikavunjikia bandarini. Miaka miwili mitatu kabla yake kipindupindu kilikuwa kimeua maelfu ya watu. Daktari aliyeushuhudia ugonjwa huo, James Christie, aliishi mjini na kumtibu Sultani, na mwaka 1876 akachapisha kitabu kizima kuhusu njia za kipindupindu Afrika ya Mashariki. Mwezi wa Mei 1872 mwandishi wa habari Stanley aliwasili kutoka bara na habari za Livingstone, na pamoja naye akarudi Sidi Mubarak Bombay. Padri Edward Steere naye alikuwa amerejea Unguja mwaka huo huo. Na huko Dunga alikuwa bado yu hai Ahmed, Mwinyi Mkuu wa mwisho, yaani mtawala wa jadi wa Waswahili wa Unguja, ambaye alifariki mwaka uliofuata na utawala ule ukaisha pamoja naye. Soko lilikuwa bado liko wazi; halikufungwa mpaka mkataba wa Juni 1873.

Kati ya hao wote, mimi ningemfanya Bombay kuwa mkuu wa kundi. Alikuwa Myao, akakamatwa akiwa mtoto, akauzwa Kilwa, akapelekwa Bara Hindi, akawa huru baada ya bwana wake kufa, kisha akarudi huku. Alikwenda na wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke mwaka 1857, na Speke na Grant, na Stanley, na baadaye akavuka bara zima na Cameron. Alizungumza na Wazungu wa safari za mwanzo kwa Kihindustani. Speke mwenyewe ameandika kwamba alimpiga ngumi za uso mbele ya watu, na bado Bombay ndiye aliyeifikisha misafara ile ilikokwenda. Mtu aliyekwisha kuuzwa akiwa mtoto, akatembea Afrika nzima, akarudi katika mji ambao soko bado linafanya kazi: huyo anajua kutofautisha kitishacho na kisichotisha.

Na Steere ndiye atakayekupa zimwi lako. Mwaka 1870 alichapisha ngano alizosimuliwa na watu wa Unguja, na ndani yake imo ngano ya Sultani Majnuni na nunda mla watu. Nunda alianza akiwa paka wa Sultani. Alikula kuku, watu wakashitaki. Sultani akasema paka ni wake na kuku ni wake. Akala mbuzi, akala ng'ombe, akala punda, jawabu likawa ni lile lile. Akala mtoto wa watu, na Sultani hakubadilisha kauli. Ni mpaka alipokula watoto wa Sultani mwenyewe ndipo mfalme akakiri kwamba yule si paka tena. Unataka kiumbe cha kuweka chini ya mji uliokuwa na soko lile? Kimekuwepo katika ngano zetu miaka yote, na hakimwondolei mtu yeyote lawama yake, kwa sababu kila tonge alilokula alilila kwa ruhusa.

Bint_Wete alijibu:

Maalim amesema vizuri, ila naona kama kawaida Pemba imebaki ng'ambo ya bahari. Kimbunga cha 1872 kilituacha. Mikarafuu ya Unguja ilipoanguka, bei ikapanda, na macho yote yakageukia kisiwa chetu. Watu wakakimbilia kupanda Pemba, na karafuu inataka mikono mingi ya kuchuma. Mwaka uliofuata mkataba ukapiga marufuku kuwasafirisha watumwa baharini, lakini mashua za magendo ziliendelea kuja Pemba usiku kwa miaka mingi. Waingereza waliweka manowari yao, HMS London, katika bandari ya Unguja kuziwinda, na mwezi wa Disemba 1881 nahodha wake, Brownrigg, aliuawa katika bahari ya Pemba na watu wa jahazi lililokuwa limebeba watumwa chini ya bendera ya Ufaransa. Kwa hiyo kama nunda atafukuzwa Mkunazini mwaka 1873 mwisho wa kitabu cha kwanza, msimuue. Mwonyesheni akipanda jahazi. Kitabu cha pili kiko kwetu.

Na mkija Pemba, shukeni Pujini. Yale magofu ya ngome ya karne ya 15, ambayo masimulizi yanasema ni ya Mkame Ndume, yana chumba cha chini ya ardhi ambacho ukutani kimechorwa siwa, lile baragumu la watawala, kwa chokaa, na karibu yake kuna kisima ambacho wazee wanasimulia kwamba kilikuwa na ukuta wa kuwatenganisha wake wawili wa mtawala ili wasikutane wakati wa kuteka maji, mmoja akishuka kwa ngazi na mwingine akishusha kata kwa kamba. Inasimuliwa pia kwamba raia wake walibebeshwa mawe ya kujengea ngome huku wakijiburura kwa makalio, wasiruhusiwe kusimama. Kama kuna mahali pa kumkuta nunda akiwa amelala tangu zamani, ni pale, kwa mtawala mwingine aliyesema kwamba watu ni wake na mawe ni yake.

Kuna jambo moja nakuomba sana usilifanye, kwa sababu najua kila mchoraji anayetafuta kitisho cha visiwa hivi huligusa. Usimchore Popobawa, yule pepo anayesemekana kuwavamia watu usiku. Hofu ya mwaka 1995 ilianzia kwetu Pemba wakati wa Ramadhani, katika mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, ikavuka hadi Unguja. Familia nzima zililala nje ya nyumba zao, zikakesha zikiota moto pamoja. Wapo watu waliosimulia kwamba wamedhulumiwa miili yao, na wapo waliopigwa na makundi kwa kushukiwa tu; mjini Unguja mtu aliyekuwa mgonjwa wa akili aliuawa hivyo hivyo. Walioyapitia hayo ni watu wazima walio hai, ni wazazi na majirani zetu. Nunda ni wa ngano, na anaweza kubeba chochote utakachombebesha. Yule mwingine bado ni jeraha la watu.

Mwisho, Wino, kundi la Maalim halina mwanamke hata mmoja, na sababu yake naijua: vitabu vya mwaka 1872 viliandikwa na wanaume na vikahifadhi majina ya wanaume. Bi Salme alikuwa mbali, lakini kalamu alikuwa nayo. Huyu ni mtu aliyejifunza kuandika kwa siri kwa kunakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia, na mwaka 1859, akiwa na umri wa miaka 15, ndiye aliyekuwa akiandika barua za njama ya Barghash dhidi ya kaka yao Majid, Sultani wa wakati ule. Mfanye azungumze kwa barua kutoka Hamburg, na Barghash awe anazipokea na hazijibu, kwa kuwa hata dada yake alipokuja Unguja mwaka 1885 hakukubali kumwona. Kisha muweke pia mwanamke ambaye hakuandikwa popote. Mbuni mjakazi wa mjini, anayebeba maji, anayeingia majumbani na kusikia mazungumzo ya ukumbini, na mpe sehemu sawa na Bombay. Pale ambapo historia imewaandika watu kwa idadi peke yake, mchoraji ana haki ya kubuni mtu.

Msomaji_wa_Jang'ombe alijibu:

Nakubaliana na mengi yaliyosemwa, lakini sikubali Tippu Tip aachwe kwa sababu tu ya miaka au kwa sababu ya kuogopa familia. Hamed bin Muhammed, maana hilo ndilo jina lake hasa, ni miongoni mwa watu wachache wa zama zile waliotuachia maisha yao kwa Kiswahili, kwa maneno yao wenyewe; Mjerumani Heinrich Brode aliyachapisha mwanzoni mwa karne iliyopita. Anahesabu pembe, anataja vita, anataja watu aliowashinda, na sauti yake haitetereki hata kidogo. Mtu wa namna hiyo hafai kuwa shujaa wa kupambana na nunda, na hapo Maalim yuko sahihi kabisa. Lakini anafaa sana kuwa msimulizi.

Fikirini hivi. Tippu Tip alirudi Unguja, akaishi katika nyumba yake ya Shangani, akafariki humo mwezi wa Juni 1905. Wino aanze kitabu katika nyumba ile, mzee akiwa juu ya baraza anamsimulia mgeni aliyeshika kalamu, na maneno yake yaende juu ya kila picha kwa utulivu ule ule. Picha zenyewe ziwe zinaonyesha kitu kingine. Mzee anasema kwamba walipata pembe nyingi na wakarudi salama. Picha inaonyesha mlolongo wa watu waliofungwa shingoni, na nyuma yao, kati ya miti, macho ya nunda ambaye msimulizi hamtaji kwa sababu hamwoni. Hakuna sanaa nyingine inayoweza kuliweka neno na jicho katika ugomvi ndani ya ukurasa mmoja hivi, na hapo hutahitaji kuandika hukumu yoyote juu ya mzee wa watu. Vitukuu vyake wakisoma watamkuta anasema yale aliyoyasema.

Na kuhusu majini, mimi nina sababu nyingine ya kuyaacha. Mmarekani anapochora pepo, wasomaji wake wengi wanaliona kuwa ni jambo la kubuni. Kwetu jini limo katika imani. Kurani ina sura nzima yenye jina hilo, na wapo majini waumini na wasio waumini. Ukiyachora yakiwa maadui wa katuni, nusu ya wasomaji wako watakuwa wakijadili dini badala ya hadithi yako, na watakuwa na haki. Nunda, zimwi, kinyamkera, hivyo ni vya ngano. Kwa hivyo chora humo.

Fundi_wa_Funguni alijibu:

Wenzangu wamezungumza hadithi. Mimi nitazungumza mji, kwa sababu nimefanya kazi ya kutengeneza nyumba za Mji Mkongwe na ninaumia kila ninapoona mchoro wa zamani wenye majengo ambayo hayakuwepo.

Ukichora 1872, usichore Beit al-Ajaib. Barghash aliijenga mwaka 1883, na mchoraji asiyejua huiweka kila mahali kwa kuwa ndiyo sura ya mji tuliyoizoea. Ukingoni mwa pwani weka Ngome Kongwe, na karibu yake jumba la Beit al-Sahel ambamo masultani walikaa. Pale Mkunazini lilipo kanisa la Waanglikana, usichore mnara wowote; jengo lilianza baada ya soko kufungwa, na Steere ndiye aliyelisimamia. Darajani kulikuwa na mkono wa bahari, na bamvua lilipojaa mji uligeuka kama kisiwa, Ng'ambo ikabaki upande wa pili na daraja likiwa ndilo pito. Kwa hadithi yako hiyo ni zawadi kubwa: kuna saa ambazo watu wa mjini hawana pa kukimbilia ila daraja moja, na saa hizo zinafuata mwezi, kwa hiyo msomaji wa hapa atajua kabla ya wahusika kwamba usiku wa bamvua nunda atatoka.

Milango ichore ya juu iliyonyooka, yenye nakshi za mapambo ya zamani. Ile yenye upinde juu ilienea baadaye pamoja na nyumba za Wahindi. Wanawake usiwavishe buibui, vazi hilo lilikuja baadaye. Wa majumba makubwa wavishe barakoa na shela, na mjakazi wa Bint Wete mvishe kaniki au merikani iliyofungwa kifuani, mikono na mabega wazi. Kanga zenye maandishi nazo ziache. Malipo yafanywe kwa reale za Maria Theresa, sarafu kubwa ya fedha yenye sura ya malkia, ambayo ikichorwa kwa karibu mkononi mwa karani itajaza fremu nzima bila ya maneno. Baada ya kimbunga, chora mashamba kama mtu aliyeyaona: mikarafuu haikuvunjika matawi tu, iling'oka na mizizi yake ikabaki juu, na kati ya miti iliyolala watu wanakusanya kuni.

Sura za watu utazipata. Barghash alikwenda Uingereza mwaka 1875 na akapigwa picha huko. Bombay naye amechorwa katika vitabu vya safari za wakati wake, kwa hiyo huna haja ya kumbunia uso. Kwa Mwinyi Mkuu, ngoma zake na siwa yake zimehifadhiwa na makumbusho yetu. Inasimuliwa kwamba ngoma zile zilikuwa zikilia zenyewe hatari inapokaribia, na kwamba msingi wa jumba la Dunga ulichanganywa na damu ya watumwa. Hapo Maalim ataona kwamba mizizi ya nunda iko hata kwa watawala wa Kiswahili, na naomba Wino asiifiche kwa ajili ya kuwapendeza watu.

Wino_wa_Malindi alijibu:

Shukrani zangu kwenu zote. Nimekaa na majibu haya na mpango umebadilika.

Mwaka ni 1872, kuanzia asubuhi ya kimbunga hadi kufungwa kwa soko mwaka unaofuata. Livingstone ametoka. Kundi ni Bombay, Padri Steere, Dk. Christie na mjakazi. Nawaweka Steere na Christie wakitofautiana, kwa sababu mmoja anawinda ngano na mwingine anawinda maji machafu, na kila mmoja ataona katika nunda kile anachokijua: padri ataiona hadithi aliyosimuliwa, daktari ataona ugonjwa unaopita nyumba kwa nyumba. Bombay na mjakazi ndio watakaowaambia kwamba wote wawili wameona upande mmoja. Mwinyi Mkuu Ahmed anabaki Dunga na ngoma zake, na ngoma zitalia, na nitachora pia yale yanayosemwa kuhusu msingi wa jumba.

Barghash nimemfikiria zaidi ya wote. Sitamfanya adui. Mwaka ule alikuwa amepoteza merikebu na mashamba, na Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza, alipokuja mapema mwaka 1873 kumtaka afunge biashara, alijitetea kwa hasara za kimbunga. Alitia saini mwezi wa Juni pale tu Kirk, balozi wa Uingereza, alipomtishia kuizingira bandari. Yeye ndiye Sultani Majnuni wa hadithi yangu, mtu mwenye akili na mwenye huzuni anayesema kwamba paka ni wake na kuku ni wake, na ambaye kwake kumkana nunda kuna gharama ya kweli. Tippu Tip atakuwa msimulizi wa sehemu za bara peke yake, maneno juu na picha chini, kama ndugu wa Jang'ombe alivyoshauri.

Bado sijaamua jambo moja: mjakazi aitwe nani?

Bint_Wete alijibu:

Mpe majina mawili. Wengi walioletwa pwani walipewa na mabwana zao majina mapya, ya baraka na heri na faida, na hayo ndiyo utakayoyakuta katika karatasi za zamani. Basi mjini wote wamwite Faida, pamoja na Barghash, padri na daktari. Jina alilopewa kwao, ziwa Nyasa, ajue yeye na Bombay tu, kwa sababu Bombay naye ni Myao na "Mubarak" alipewa na wengine. Wazungumze Kiyao wanapokuwa wawili, na tafuta mzungumzaji wa Kiyao akuandikie sentensi hizo kwa usahihi, usizikisie. Ziwekee maandishi ya mkono tofauti na Kiswahili, ili msomaji ajue kwamba hapo lugha imebadilika hata kama haelewi neno. Ukishamaliza kurasa za mwanzo ziweke hapa tuzisome, na Fundi aangalie milango.